Dakika 40 za Boksingi Dei: vile kitinda wetu alipotea akiwa na watu wazima watano

Wacha nianze na lililosemwa usiku ule nyumbani, manake hilo ndilo lilonifanya nikae nikaandika hiki kisa chote. Tumerudi kutoka kwenye michezo ya maji, watoto wameoga wamelala, chai iko mezani na mahamri yalobaki ya asubuhi, na dadangu mkubwa ambaye hata hakwenda akasema kwa simu, na simu iko kwa spika kila mtu anasikia, "hao watu wa Nairobi hawajui kuangalia watoto, wamezoea yaya." Wifi yangu wa Nairobi, mamake huyo mtoto alopotea, alikuwa amekaa pale pale. Hakujibu. Akainuka akaenda jikoni akaosha vikombe ambavyo mimi nlikuwa nshaviosha.

Sasa ile safari nlipanga mimi, na nikiipangua kipande kwa kipande kosa la wifi silioni, hata nilitafute kwa tochi.

Tulikuwa watu 14. Kakangu na wifi yangu walokuja huku Mombasa na SGR kutoka Nairobi na watoto wao watatu (tiketi za Disemba walikata mapema mno, treni ile tangu ianze 2017 ukingoja wiki ya Krismasi utasafiri kwa basi tu), mimi na mume wangu na watoto wetu watatu, mdogo wangu wa kike na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, kijana wa huyo huyo dadangu mkubwa wa kwa simu, ana miaka 16, halafu mamangu. Kitinda wa kakangu ana miaka 5, na ndiye mwenye kisa.

Kwa nini tukaenda kwenye michezo ya maji na si baharini, wakati bahari tunayo bure? Mamangu. Tarehe 26 Disemba mwaka 2004 ndo siku ya ile tsunami ya Bahari Hindi, na sisi wa pwani tunakumbuka vile polisi walikuwa wanafukuza watu ufuoni, na tangu hapo mama Boksingi Dei hataki kuona mjukuu wake kwenye maji ya chumvi. Mwambie ilikuwa mtetemeko wa Sumatra, mwambie ni bahati mbaya ya siku, atakuangalia tu. Na pia tuseme ukweli, pale ufuo wa Pirates siku kama ile hata mchanga hauuoni, ni ngamia na farasi na tyubu za kukodi na watu juu ya watu.

Mama mwenyewe alitaka Haller Park, ile bustani ya wanyama. Anapapenda tangu zamani, anakumbuka ilipokuwa bado ni machimbo ya simiti jangwa tupu kabla ile mivinje haijakua, na kile kisa cha kiboko na kobe ashakihadithia kila mjukuu: yule kiboko mdogo alookolewa kule Malindi baada ya hiyo hiyo tsunami akaletwa pale Bamburi, akamfanya kobe mzee wa miaka zaidi ya 100 ndo mamake. Kwa hivyo hoja ya mama ilikuwa na maana yake, kuna kivuli, kuna pa kukaa, watoto wanatembea wanachoka wanalala. Lakini watoto wa Nairobi walikuwa washaona video za slaidi wiki tatu mfululizo, na mimi nlikuwa nshawaahidi. Nikamshinda mama. Hilo la kwanza.

Jina la mahali sitaji. Si kwamba walikuwa wabaya, wengine pale walifanya kazi yao vizuri kushinda sisi, na utaona.

Tulikodi matatu, watoto wadogo wakapakatwa, nyuma kuna sufuria la pilau limefungwa na leso, kachumbari kwa ndoo ya mtindi, chombo cha baridi cha juisi ya ukwaju. Njiani, tumekwama kabla ya daraja la Nyali jua linawaka lile la kaskazi lisilo huruma, watoto wakaanza njaa njaa, na mimi nikageuka nikawatangazia, kwa sauti, wote wasikie: "Hakuna kula saa hizi! Saa saba tutatoka wote tukale pilau kwa nyanya, mmesikia?" Wakaitika. Kitinda akauliza, "Saa saba ni lini?" Babake akamwambia, "Tukienda kusali, tukirudi ni pilau." Yaweke maneno hayo mahali, nitayarudia.

Getini mambo mawili. La kwanza, chakula cha nje hakiingii. Hilo nlitarajia, ndo maana nlipanga tule kwa gari. La pili sikulitarajia: kwa sababu ya wingi wa watu siku ile ukitoka umetoka, ile bangili ya karatasi haikurudishi ndani mpaka ulipe tena. Hapo mpango wangu ukafa. Tukasimama pembeni sisi watu wazima, tukashauriana kama dakika mbili hivi, watu wanatusukuma, tukakubaliana basi mchana tutanunua chipsi ndani na pilau tutakula jioni. Mama akasema yeye haingii kabisa. "Nilipe pesa yote hiyo nikaketi kwa kiti cha plastiki nitizame watu wako uchi? Mwanangu, mimi nakaa na pilau langu." Akabaki kwa matatu chini ya mwarobaini, na dereva, na redio.

Sasa ona. Mpango ulibadilika, watu wazima sita tukajua umebadilika, na hakuna hata mmoja alowageukia watoto saba akawaambia. Walikuwa washaanza kuruka ruka waione slaidi juu ya ukuta. Kwa kichwa cha mtoto wa miaka 5, habari ya mwisho alopewa na shangazi yake ni saa saba, pilau, nyanya.

Ndani tukakodi loka moja. Moja, manake ya pili ni hela na mimi nlishaanza kuhesabu. Simu zote tukazitia humo, za watu wazima watano na ya kijana, na ufunguo ule wa kamba akavaa mume wangu mkononi. Nlijiona nimefanya jambo la maana, simu hazitalowa wala haziibiwi.

Halafu nguo. Wanawake tulikuwa watatu ndani na wote watatu tumevaa burkini nyeusi za aina moja, nlizinunua mimi Biashara Street, ukichukua tatu unapunguziwa. (Pale dera la pamba hawakuruhusu kwa maji, na wako sawa, pamba ikilowa inakuwa nzito inakuvuta chini, na nyuzi zake zinaziba chujio la bwawa.) Yaani ukituangalia kwa mbali sote ni mtu mmoja.

Saa saba kasoro dakika kumi, mambo yote yakatokea pamoja. Mume wangu na kakangu wakasema wanaenda kusali, kuna chumba kidogo nyuma ya vyoo. Kakangu akamwambia yule kijana, "Waangalie hao wadogo." Wifi akamchukua binti yake wa kati alokuwa amejikwaa kidole, wakaenda kukiosha. Mimi nikaenda kupanga laini ya chipsi na noti zangu mkononi. Mdogo wangu alikuwa kwa lile bwawa la watoto, maji ya magotini, na mtoto wake. Kila mtu aliondoka akijua fulani yupo. Na ni kweli, fulani alikuwepo kila wakati.

Laini yenyewe, wacha niseme kidogo manake ilichangia. Yule kijana ana hesabu, alikuwa ashapima ile slaidi kubwa: laifugadi wa juu anamuachia mtu mmoja kila nusu dakika, hawezi kuharakisha, mpaka aone wa mbele ametoka kule chini. Kwa hivyo ni watu 120 kwa saa, hata uje umekasirika vipi. Mbele yao kulikuwa na watu kama 80. Dakika 40 za kusimama juani. Chipsi nazo ni hivyo hivyo, karai mbili na mji mzima unangoja. Watu wengi huambizana msongamano ni shida ya watu wengi, mimi nlivyoona ni shida ya mlango mwembamba. Hata ile bustani ya michezo ya Disneyland kule California, siku waliyofungua, 17 Julai 1955, watu waliingia na tiketi bandia wakazidi waloalikwa, chakula kikawaishia. Basi hata wale wakubwa mambo yaliwashinda.

Turudi kwa kitinda. Alisimama kwa laini na wenzake wakubwa, wakafika kwenye ule mti wa kupimia urefu, alama iko sentimita 120. Yeye hata 110 sidhani kama anafika. Jamaa wa pale akamwekea mkono kichwani kwa upole, akamwambia bado, kua kwanza. Kijana akatazama chini akaona burkini nyeusi kwa bwawa la watoto, akamwambia, "Nenda kwa mamako, yule pale." Haikuwa mamake, ilikuwa mdogo wangu. Mita thelathini labda. Kijana akamfuata kwa macho mpaka katikati, halafu laini ikasogea.

Mdogo wangu alimuona. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba alionekana. Alimuona anapita pembeni ya bwawa, taratibu, anaenda upande wa chipsi, akasema moyoni huyo anamfuata shangazi yake. Na upande wa chipsi ndo upande wa geti la kutokea.

Kumbe mtoto alipita karibu na kile chumba cha kusalia, akaona ndara za babake mlangoni. Alikuja kutuambia mwenyewe baadaye: "Baba alikuwa anasali." Basi. Kusali, kisha pilau. Akaenda zake kula.

Getini kuna askari wawili, na kazi yao wanaangalia bangili za wanaoingia. Anayetoka hana wa kumuuliza, familia moja ya watu wengi ilikuwa inatoka na yeye akatoka katikati yao. Hapo tukikadiria ni kama saa 7 na dakika 10.

Mimi nlirudi na chipsi saa 7 na dakika 22, saa ya ukutani pale juu ya kantini naiona mpaka leo. Nikahesabu vichwa. Sita. Nikahesabu tena nikianza upande mwingine, kama kwamba upande ule ndo kitapatikana kichwa. Wifi anarudi na binti yake, nkamuuliza kitinda yuko nawe? Akanambia si yuko na wewe? Tukamgeukia mdogo wangu, naye akasema kwa sauti ya chini sana, "Si alikuja kwenu."

Nlikimbilia kwenye vyoo. Wifi akakimbilia kwenye slaidi akiita jina. Na hapa ndo nataka kumsifu yule laifugadi, kijana mdogo tu, sidhani kama amefika 25. Alituuliza umri, akapuliza firimbi moja ndefu, akawatoa watu wote kwa lile bwawa la watoto na lile la kati, wakatazama chini ya maji kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nlimpigia kelele nkamwambia mtoto amepotea hajazama, nenda getini! Akanijibu bila kunitazama, macho kwa maji, "Mama, getini wanaenda wengine. Maji hayangoji." Na ni haki yake. Mtu anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, pumzi ya kupigia kelele anaitoa wapi, anashuka kimya mwenzake yuko hatua mbili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Siku ile sikuwa na takwimu, nlikuwa na chipsi mkononi bado, nazishikilia tu.

Zile dakika mbili tatu za kutazama maji yanatulia, sitaziandika.

Maji yako wazi. Wakauliza amevaa nini. Mimi nkasema kaptura nyekundu. Wifi akasema bluu, akasema kwa uhakika, kisha akasita, akasema ngoja, asubuhi alibadilisha. Kijana akasema anayo picha yake, alimpiga pale getini tulipofika, nguo zote zinaonekana. Simu iko wapi? Loka. Ufunguo? Kwa mume wangu. Mume wangu? Kasali akamaliza, wakapitia kahawa na kakangu, wakakutana na mtu wa mtaani kwetu, unajua tena Mombasa, salamu peke yake ni robo saa. Spika ikatangaza mtoto wa miaka mitano, nguo nyekundu au bluu. Nyekundu au bluu! Nusu ya watoto wa pale.

Saa 8 kasoro robo ndo wanaume wanatokea, wanacheka, mpaka wakatuona nyuso. Loka ikafunguliwa. Nikatia mkono nitafute simu ya kijana yenye ile picha, ya kwanza kutoka ikawa yangu, na kwenye kioo kuna missed koli mbili. "Mama", saa 7:24. "Mama", saa 7:31.

Nlipiga mikono inatetemeka. Akapokea, nasikia taarabu kwa redio ya dereva. "Eeh," akasema, "nlikuwa nauliza, huyu nimpe na kachumbari au pilipili haimfai? Maana nimempigia mamake hapatikani, nimekupigia wewe hushiki. Nikampa hivyo hivyo. Anataka na ya pili."

Wifi alikaa chini pale pale kwa simiti ya moto.

Sasa tuhukumu. Mama alifanya kila kitu sawa: mjukuu katoka, akamuuliza nani kakutuma, mtoto akasema "shangazi kasema," na ni kweli nlisema, akampakulia, akapiga simu kwa watu wawili. Mtoto naye alishika maneno tulompa kuliko sisi tulioyasema. Wifi alikuwa na mtoto wake mwingine anayetoka damu, na alimuacha huyu mikononi mwa babake, ambaye alimkabidhi kijana, ambaye alimkabidhi mtu alodhani ni mamake. Kila mkono ulipokezana. Kasoro ni kwamba hakuna mkono hata mmoja uliongoja kusikia "nshampata."

Kijana nlimuacha mwisho kwa sababu huyu ndo angeweza kubebeshwa, na ukumbuke mamake ndo yule alosema kwa simu mambo ya yaya. Sikumjibu usiku ule kwamba aliyemuona mtoto wa mwisho ni mwanao. Ningeweza, na wallahi ulimi uliniwasha. Lakini ana miaka 16, alipewa watoto sita na mtu mzima alokuwa anaondoka tayari amegeuza mgongo, "waangalie hao wadogo," wadogo gani, mpaka saa ngapi? Tulimpa mtoto kazi ya watu wazima watano kisha tukashangaa.

Geti lao lina kasoro, hilo nitasema. Askari analinda mtu asiingie bure lakini mtoto anatoka peke yake, hilo ni geti la kutazama upande mmoja. Laifugadi aliwapigia redio wazuie mtoto anayetoka bila mkubwa, wakazuia, robo saa baada ya huyo wetu kuwa kwenye sahani. Msimamizi wao, mama mmoja mtaratibu, alitusikiliza, akatuomba radhi, akaturuhusu tule nje turudi ndani bila kulipa. Kwa hivyo ile sheria ya ukitoka umetoka iliweza kulegezwa, ila hatukuiomba asubuhi. Mimi sikuiomba. Nlikuwa naona haya kubishana getini mbele ya wageni wangu wa Nairobi.

Na loka ya pili ingekuwa shilingi 200.

Aprili kakangu alikuja tena, shule zimefungwa, na watoto wakataka pale pale. Wifi ndo alosita, nkamwambia safari hii panga wewe. Akapanga. Kila mtu mzima akapewa watoto wawili kwa majina, mbele ya watoto wenyewe, na ukitaka kwenda hata chooni unamkabidhi mwenzio na mwenzio anasema "nimempokea" kwa mdomo, ilikuwa kama mchezo, watoto wakawa wanatusahihisha sisi. Mdogo wangu alifunga kitambaa cha njano kichwani tusifanane. Kitinda alipimwa tena kwenye ule mti, akarudishwa tena, akalia kidogo.

Mama aliingia. Alilipa, alilalamika bei mpaka kwenye kiti, akakaa chini ya mwavuli na dera lake na leso mbili, simu yake ya kabambe, ile ya vitufe, ameitia kwa paketi ya maziwa iliyooshwa akaifunga na mpira, akaivaa shingoni. Kila nusu saa alikuwa ananipigia, na mimi niko mita kumi mbele yake namuona.

"Upo?"

"Nipo mama."

"Wako wangapi?"